Umefika somo la nne na mchezo umeharibika? Usimwache kocha bado

Ndugu uliyeuliza, umesema umelipia masomo kumi ya gofu hapa Nakuru, umefika la nne, na sasa unacheza vibaya kuliko kabla hujaanza. Wauliza kama ubadilishe kocha au uache masomo kabisa. Mimi nimejifunzia gofu hapa hapa, huu ni mwaka wangu wa tatu, na hapo ulipo nilipita. Kabla hujamwacha kocha, mpelekee mchezo wako halisi. Nahisi hajauona.

Katika masomo yangu matano ya mwanzo na kocha wa hapa nilikuwa nafika, nachukua ndoo ya mipira, napiga fimbo namba saba kutoka mahali tambarare penye nyasi iliyokatwa vizuri. Kocha akisimama nyuma yangu, nakazana kumwonyesha mapigo yangu mazuri. Saa ikiisha tunaagana, narudi nyumbani nimeridhika. Jumamosi nikiingia uwanjani, mashimo tisa, mapigo 57, mengi mno. Wiki ijayo 58.

Aliyenifungua macho ni kedi wangu, yule anayenibebea fimbo uwanjani. Tulikuwa kando ya grini, yaani ile nyasi fupi sana yenye shimo, mpira umezama kwenye nyasi, nami nimeshaupiga mara mbili bila kutoka. Akaniambia kwa upole, "Mkubwa, kule kwa mazoezi hakuna shida. Alama zako zinaishia hapa." Tangu siku hiyo nikaanza kuandika kila pigo nyuma ya kadi ya alama. Raundi tatu za mashimo tisa zilinipa mapigo 171. Kati ya hayo, 66 yalikuwa ya kusukuma mpira juu ya grini, na 48 yalikuwa yale mafupi ya hatua hamsini kuja shimoni. Yaani thuluthi mbili ya mchezo wangu ilikuwa mahali ambapo sijawahi kufundishwa hata dakika kumi.

Nilimpelekea kocha kadi hizo. Alizisoma zote, akaacha ndoo ya mipira palepale, tukaenda kando ya grini. Somo hilo moja lilinisaidia kuliko yale matano.

Alinifundisha kuhusu nyasi ya kikuyu, ambayo wengi wetu tunaikanyaga tu bila kuijua. Majani yake ni mazito na yamesokotana, kwa hiyo ukiiburuza fimbo chini chini kuelekea mpira, yanaikamata shingoni na kuusokota uso wake kabla haujagusa mpira. Dawa yake ni kuinua fimbo mapema, kuishusha kwa mwinuko mkali zaidi, na kuikaza mkononi kidogo kuliko kawaida. Sasa mambo kama hayo utayapataje ukisimama kwenye kapeti la mazoezi? Mwombe kocha mtoke pale. Somo moja kati ya yaliyobaki lifanyike uwanjani, mashimo matatu au manne, na kedi wako awepo. Yeye anakuona kila Jumamosi, kocha anakuona saa moja tu.

Kuhusu kucheza vibaya baada ya masomo: kama kocha amebadilisha jinsi unavyoshika fimbo, hiyo ni kawaida kabisa, tena inachukua wiki kadhaa. Mpira wangu ulikuwa unakata kona kwenda kulia kila mara. Sababu ni kwamba uso wa fimbo ulikuwa wazi, yaani umegeukia kulia, ukilinganisha na njia fimbo inakopita. Nikiangalia chini naona kifundo kimoja tu cha mkono wa kushoto. Kocha akauzungusha mkono kulia hadi nikaona viwili. Nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Kwa wiki tatu mipira ilienda kushoto, na nilikaribia kurudi kwenye mshiko wa zamani. Nashukuru sikurudi. Wakati huo usiingie mashindano, na usiombe ushauri kwa kila unayekutana naye klabuni. Wanakupenda, lakini kila mmoja atakupa dawa yake.

Toka katika kila somo na jambo moja tu. Kabla hujaondoka, mrudilie kocha kwa maneno yako mwenyewe kile alichokuambia, kisha jirekodi kwa simu ukikifanya vizuri, kutoka nyuma na kutoka mbele. Kati ya somo na somo mimi hujipa wiki mbili, na hufanya mazoezi ya dakika ishirini mara nne badala ya kumaliza mipira mia siku moja. Nyumbani natia nukta ya kalamu ya ubao kwenye mpira, nukta hiyo igeukie fimbo, kisha napiga taratibu kwenye wavu. Alama inayobaki kwenye uso wa fimbo inakuambia ukweli. Yangu ilikuwa kisiginoni kabisa, karibu na shingo ya fimbo, nami miezi yote nilidhani napiga katikati.

Jambo dogo, kama huwa unasafiri kucheza Kisumu: Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama mita 1,130. Hewa ya huku ni nyepesi na mpira unaenda mbali zaidi. Kule ukipungukiwa mita chache, usidhani masomo yameharibu pigo lako.

Kocha wa kubadilisha yupo. Wa kwanza niliyemwendea, mji mwingine, alikuwa ananipa marekebisho matano kwa saa moja na hakuwahi kuniuliza nacheza vipi Jumamosi. Huyo nilimwacha, na sijutii. Lakini wako bado hujampa nafasi ya kukuuliza.

Andika raundi tatu, umpelekee kadi kabla ya somo la tano. Kisha rudi hapa utuambie mapigo yako yanapotelea wapi.