Jibu: Nyumba ya Alexis Soyer, London

Habari ndugu. Umesema umezunguka Kensington ukiitafuta Gore House, ukiamini ndiyo nyumba ya mpishi Alexis Soyer, na hukuiona. Ilibomolewa zamani, mahali pake sasa pana Royal Albert Hall. Tena pale palikuwa mgahawa wake wa 1851, si makazi. Alifariki 1858 akiwa St John's Wood, na kaburi lake liko Kensal Green, pamoja na mkewe Emma.

Mimi ningeanzia Pall Mall, kwenye jengo la Reform Club, alikopikia kwa majiko ya gesi. Ni klabu ya wanachama, kwa hiyo ulizia kwanza kama wageni wanaruhusiwa. Akiwa bado mpishi pale, mwaka 1847 alikwenda Dublin kuwapikia supu waliokumbwa na njaa. Kwa hilo namheshimu sana.