Viatu vilikuwa shingoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama "pekupeku" na "miguu mitupu" ni kitu kimoja. Nilitaka kujibu ndiyo, basi, maana kamusi zatupa maana ileile: bila viatu. (Wanaoandika "kwa miguu" wakikusudia hilo nawaachia walimu wao. Kwenda kwa miguu ni kukosa nauli ya matatu.)

Ila nimekumbuka Idd moja, nina miaka tisa. Nilinunuliwa viatu vyeusi vya kamba vilivyonibana, kwa kuwa ndivyo vilivyobakia dukani. Kufika uwanja wa Makadara, Mombasa, kwenye mabembea, vidole havina hali. Nikavivua, nikafunga kamba pamoja, nikavitundika shingoni, nikashika njia ya kurudi nyumbani, mtaa wa Kibokoni. Adhuhuri ile lami ilikuwa kikaango. Nikawa naruka kivuli hadi kivuli chini ya roshani za watu, mpaka nikakanyaga kifuniko cha soda, kikaganda kisiginoni. Nilipokibandua, meno yake yaliacha duara jekundu, nikawa namwonyesha kila niliyekutana naye.

Mamangu alikuwa barazani na wageni. "Wewe! Miguu mitupu siku ya Idd? Watu watasema hatuna!"

Ami akacheka. "Mwache, shemeji. Viatu si hivyo shingoni? Huyo yu pekupeku tu."

Mama hakucheka. Kwake yeye "mitupu" ilikuwa ileile ya mikono mitupu, ya mtu aliyekuja bila kitu. Ami alikuwa akisema habari ya nyayo zangu, si ya mfuko wa babangu.

Kwa hivyo nabadilisha jibu: si kitu kimoja. Mwethiopia Abebe Bikila aliposhinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, alikuwa pekupeku. Ukisema miguu mitupu wamhurumia bure, na mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, safari hii na viatu. Msikitini nako sote twavua, na sijasikia mtu akaambiwa yu pekupeku, wala mitupu.

Lakini msinishike sana kwa hili. Mamangu huyohuyo, akifua uani, alikuwa akiniita bila haya yoyote, na jirani wasikia: "Niko miguu mitupu, hebu niletee ndara zangu!"