Flashi ikigoma kusoma baada ya kusasisha, usikimbilie kupiga mfumo upya

Juzi kijana mmoja, fundi kama mimi, ameniandikia kutoka Dodoma: "Kaka, nimesasisha Linux kwenye laptop za ofisi, sasa ukichomeka flashi, kimya. Nimeshapiga mfumo upya mara tatu. Nifanyeje?" Nilipousoma ujumbe wake moyo ulinienda mbio. Mimi nimepita humo humo, na nilitoka nimepoteza mteja.

Mteja alikuwa mama mmoja mwenye steshenari karibu na chuo, hapa Dar es Salaam. Laptop nne, zote za mtumba. Mimi ndiye niliyemshawishi ahamie Linux, mfumo unaotumika badala ya Windows, kwa sababu flashi za wanafunzi zilikuwa zinamletea virusi kila wiki. Miaka miwili tukakaa kwa raha. Halafu Jumatatu moja, msimu wa ripoti za field, nikasasisha mashine zote asubuhi kabla hajafungua. Kufika saa nne foleni ilikuwa imetoka mlangoni, na flashi zilikuwa zinagoma kusoma.

Nikachomoa, nikachomeka, nikabadilisha tundu. Wapi! Ila nikizima laptop, nikachomeka flashi kwanza, ndipo nikawasha, inasoma vizuri kabisa. Hapo ndipo ningetulia nifikiri, maana tundu ni zima na flashi ni nzima, kilichokufa ni ule uwezo wa kutambua kifaa kinachochomekwa mashine ikiwa inawaka. Sikutulia. Dada wa kaunta akaniambia, "Kaka, mbona ile yenye mausi inasoma?" Nikamjibu hovyo kwamba mausi haihusiani. Nimeshamwomba radhi, na hapa narudia tena, kwa sababu jibu lote lilikuwa kwenye swali lake.

Jioni nilibeba laptop moja nikaenda nayo nyumbani. Kesho yake mchana mama akanipigia kuwa ameleta fundi mwingine, amezipiga Windows zile tatu zilizobaki. Akaongeza, nasikia wateja nyuma yake: "Fundi mzima unashindwa na flashi?" Mpaka leo linaniuma.

Ile niliyobaki nayo ndiyo iliyonifundisha. Niliandika dmesg -w ili nione kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, inasema nini papo hapo, nikachomeka flashi. Haikuandika hata mstari mmoja. Nikafungua udevadm monitor, amri inayoonyesha kifaa kikiingia au kutoka, nayo kimya. Hii ni hatua usiiruke, mdogo wangu, kwa sababu inakuepusha kuhangaika na ruhusa za mafaili au programu ya kufungulia flashi. Kama kerneli yenyewe haijaandika kitu, huko juu hakuna wa kulaumiwa.

Flashi ikiwa bado imechomekwa, nikaandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya mashine, nia yangu nione tu ni kidhibiti gani cha USB, yaani chipu inayoendesha matundu ya USB. Taa ya flashi ikawaka! Nikabaki naitazama. Nikachomoa, nikasubiri kidogo, nikachomeka, kimya. Nikaandika lspci, ikawaka tena. Nilirudia labda mara kumi.

Maelezo yake ni haya. Kidhibiti cha USB kikikaa bila kazi, kerneli hukilaza ili kuokoa betri. Kabla ya kulala, kinatakiwa kiandaliwe ili kitu kikichomekwa kiamke. Changu kilikuwa kinalala bila kusikia mlango ukigongwa. lspci inaposoma taarifa za kidhibiti, kerneli hulazimika kukiamsha kwanza, na kikiamka ndipo kinaiona flashi. Na mausi? Kwa kawaida kerneli haiilazi mausi ya USB, na maadamu mausi iko macho, kidhibiti nacho hakilali. Yule dada aliliona hilo ndani ya saa moja.

Dawa ya muda ni kuandika neno on ndani ya faili la power/control la kidhibiti, chini ya /sys/bus/pci/devices. Anwani ya changu humo ilikuwa 0000:00:14.0. Mashine ikapona hapo hapo. Lakini nilitaka kujua nani kaiharibu. Nikawasha na kerneli ya zamani kutoka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli mashine inapowaka, flashi ikasoma bila dawa yoyote. Basi kosa limeingia kati ya matoleo mawili.

Kati ya matoleo mawili makuu ya Linux kuna mabadiliko zaidi ya 10,000. Usiogope idadi. git bisect, amri ya kutafuta badiliko lenye kosa, inakupa la katikati, unajenga kerneli yake, unaijaribu, unasema zima au bovu, nusu inatupwa. Kwa raundi kama 14 unabaki na moja. Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kerneli hii hii.

Nilipoteza usiku mbili kwa haraka zangu. Nilitumia make localmodconfig ili kukompaili (kujenga kerneli kutoka kwenye msimbo wake) kuwe kwepesi, nikasahau kuchomeka flashi kwanza. Ile amri inabakiza moduli, yaani vipande vya kerneli, zinazotumika wakati huo tu, kwa hiyo usb_storage, ile ya kusomea flashi, ikaachwa nje, na kila kerneli niliyojenga flashi haikusoma. Nami naandika bovu, bovu, bovu. Kosa la pili, nilikuwa najaribu mara tu mashine ikiwaka, kidhibiti hakijalala, naandika zima. Baadaye nikajifunza kusoma faili la power/runtime_status la kidhibiti kwanza, likisema suspended (kimelala) ndipo nachomeka.

Raundi ya mwisho iliisha saa tisa usiku. Badiliko la mistari michache tu, kuhusu namna ya kulaza kidhibiti. Nikaiandikia timu inayohusika, nikaambatanisha kumbukumbu za bisect. Siku tatu baadaye nikatumiwa marekebisho niyajaribu. Nikajaribu, yakafanya kazi. Yalipoingizwa, chini yake palikuwa na mstari wa Reported-by (aliyeripoti) na mwingine wa Tested-by (aliyejaribu), na yote miwili ina jina langu. Nilimwamsha mke wangu nikamwonyesha.

Vijana wenzangu, tumezoea kufuta. Mashine ikigoma, piga upya, chukua hela, ondoka. Ukifuta umefuta ushahidi, na ukirudisha toleo lile lile umerudisha kerneli ile ile yenye kosa. Watengenezaji wa Linux wana kanuni wanayoisimamia kwa ukali: kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe na toleo jipya. Lakini hawawezi kuijua laptop yako ya mtumba kama hukuwaambia. Tuache kulalamika vijiweni, tuandike. Na msikilize anayekaa na mashine kutwa nzima, hata kama hajui kerneli ni nini.

Sasa wewe wa Dodoma. Kesho ukifika ofisini usifute kitu. Chomoa mausi na kila kilichochomekwa, kaa dakika moja, fungua dmesg -w, chomeka flashi. Ikinyamaza, fungua dirisha la pili uandike lspci, kisha nitumie kila mstari utakaotokea.