Kwa muuguzi anayeanza wodi ya watoto wenye saratani: hesabu mwenyewe, kisha piga simu

Wiki yako ya kwanza utakabidhiwa chati ya tahadhari ya mapema, ya kuonyesha mtoto anayeanza kuzidiwa, yenye kijani, njano na nyekundu, na mtu atakuonyesha namna ya kuijaza. Atatumia nusu saa, nawe utaelewa. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo, pembeni ya kitanda, saa nane za usiku, wagonjwa wakiwa wengi kuliko mikono. Nimekaa wodi hii miaka mingi, na ningependa usipite njia ndefu niliyopita mimi.

Elewa kwanza kwa nini watoto hawa wanahitaji chati ya namna hii. Mtoto aliyepata dawa za saratani, mara nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dozi, chembe zake nyeupe huwa zimeshuka sana. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwa chini ya 500 kwa maikrolita moja ya damu, maambukizi hayaji na sura uliyofundishwa chuoni. Kidonda hakitungi usaha. Nimonia inaweza kuingia bila makohozi. Kama anatumia dawa za steroidi, yaani deksamethasoni au prednisoloni, hata homa inaweza isipande. Na mwili wa mtoto hujikaza: hubana mishipa, huongeza mapigo, huilinda presha mpaka nguvu ziishe, halafu presha huanguka ghafla. Ukisubiri presha ishuke ndipo uite mtu, umeshachelewa. Chati yetu imewekwa ili ikamate zile saa za kujikaza.

Mifumo hii ya tahadhari ya mapema ilianza katika hospitali zenye vifaa vingi, na mmoja unaojulikana ulitoka Brighton, Uingereza, mwaka 2005. Utakutana na watu watakaokuambia kwamba haisaidii, na watakutajia utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliofanyika katika hospitali 21 za nchi 7, ambao haukuonyesha kupungua kwa vifo. Ni kweli, haukuonyesha. Ila hospitali zile tayari zilikuwa na wauguzi wa kutosha, mashine na vyumba vya wagonjwa mahututi. Guatemala mwaka 2014, kituo cha taifa cha saratani za watoto kilianza kutumia chati iliyorahisishwa, inayotegemea macho, saa na mikono ya muuguzi. Matukio ya watoto kuzidiwa ghafla yalishuka kutoka 9.3 hadi 6.5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Kutoka hapo chati ikasambaa Amerika ya Kilatini kwa jina la EVAT, kifupi cha Kihispania cha kipimo cha tahadhari ya mapema. Ninachojifunza mimi ni kwamba pale penye uhaba ndipo chati ina kazi kubwa zaidi.

Yenyewe ni nyepesi. Tabia na ufahamu, moyo na mzunguko wa damu, upumuaji: kila kimoja alama 0 hadi 3. Kisha alama 1 kama wewe una wasiwasi, na alama 1 kama familia ina wasiwasi. Jumlisha: sehemu nyingi jumla ya 0 hadi 2 ni kijani, 3 na 4 ni njano, 5 kwenda juu ni nyekundu. Fuata viwango vilivyobandikwa kwenye wodi yako.

Sasa lile lililoniumiza. Usiku mmoja, mwaka wangu wa kwanza, nilimwandikia mtoto pumzi 24 kwa dakika kwa sababu zamu iliyotangulia iliandika 24, na kwa sababu alikuwa amelala vizuri nami nilikuwa nakimbilia kitanda kingine kilichokuwa kinatapika. Asubuhi mwenzangu aliyenipokea akamfunua shuka, akatazama kifua, akahesabu 52. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hakuna aliyenigombeza. Alinionyesha tu mstari wa 24, 24, 24 na 24 chini ya mikono minne tofauti, ya nne ikiwa yangu. Mtoto alikaa kwenye oksijeni siku kumi na moja na akapona, lakini mstari ule ninauona hadi leo.

Kwa hiyo hesabu pumzi dakika nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, maana mtoto mgonjwa hapumui kwa mpangilio. Funua kifua. Hesabu kabla ya kumgusa, maana ukishamgusa atalia na namba zote zitavurugika. Bonyeza ncha ya kidole sekunde tano, achia, hesabu mpaka rangi irudi: ikizidi sekunde mbili, anza kufikiri. Shika miguu pia. Mtoto mwenye mwili wa moto na vidole vya baridi anakwambia kitu. Na usitie kipimajoto njia ya haja kubwa kwa mtoto ambaye chembe zake zimeshuka, hata kama ndicho ulichozoea wodi nyingine.

Jihadhari na visingizio. Mapigo yako juu kwa sababu ana homa. Kwa sababu damu yake ni kidogo. Kwa sababu alikuwa analia. Kila kimoja kinaweza kuwa kweli, na kila kimoja nimewahi kukisikia saa chache kabla ya mtoto kuzidiwa. Andika alama kama ilivyo. Sababu itatafutwa na daktari akishafika. Kama alikuwa analia, msubiri atulie umpime tena baada ya dakika kumi na tano, na ibaki hiyo kumi na tano kweli.

Wasiwasi wa mama ndio alama inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa. Usimuulize “Mtoto anaendeleaje?” maana atakujibu “Hajambo” kwa heshima tu. Muulize: “Mama, leo yuko kama jana?” Binti mmoja wa miaka sita, yuko wiki za mwanzo za matibabu ya leukemia, saratani ya damu, anameza deksamethasoni. Joto 37.2. Presha ya kawaida. Mama yake akaniambia, “Sista, huyu leo si wangu. Tangu asubuhi hajaniuliza baba anakuja lini.” Kila siku alikuwa anauliza, hata mara kumi. Nikahesabu upya: mapigo 154 akiwa amelala kimya, vidole vya baridi, rangi ikirudi sekunde ya nne. Moyo na mzunguko 2, tabia 1, mama 1, mimi mwenyewe 1. Tano.

Nikapiga simu. Daktari akauliza, “Presha ikoje?” Nikasema ya kawaida. “Joto?” Nikasema halipo. Akanyamaza kidogo, akasema basi tumwangalie. Bila chati, mazungumzo yangeishia pale, maana mimi ningesema nini? Kwamba mama ana hisia? Nikamwambia: “Dokta, alama ni 5, mzunguko wa damu umepata 2, mama anasema mtoto amebadilika, na utaratibu wetu unataka ufike ndani ya dakika 15. Nimeshamwekea oksijeni, na kanula inapitisha vizuri.” Alifika. Antibayotiki iliingia ndani ya saa ile, na damu tuliyopeleka maabara iliotesha bakteria siku ya pili yake.

Shika mpangilio huo wa simu: jina na kitanda, alama ni ngapi, imepanda kutoka ngapi, kilichopandisha ni nini, umeshafanya nini, unaomba nini. Maliza kwa ombi lenye muda. Akiwa hapatikani, mpigie anayemfuata, na uandike saa za simu zote mbili. Hakuna daktari mwenye akili atakayekulaumu kwa kuita bure. Yule atakayekugombeza, mpelekee sista mkuu wa wodi suala hilo mapema, kabla hujaanza kuogopa simu.

Utaniuliza: na kama hakuna kitanda cha mahututi? Mara nyingi hakipo. Alama nyekundu bado ina kazi. Mhamishie mtoto kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi. Mpime kila saa. Hakikisha antibayotiki imeingia ndani ya dakika 60 tangu homa ionekane au shaka ianze, na usisubiri majibu ya maabara. Angalia mkojo, angalia silinda ya oksijeni imebaki kiasi gani kabla usiku haujaingia. Kaa na wazazi, waambie kinachoendelea kwa lugha yao, maana watakaa macho pamoja nawe na watakuwa wa kwanza kuona mabadiliko.

Vifaa sitavizungumzia sana. Oksimita moja, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, inayofanya kazi na betri za akiba kwenye droo inayofungwa inatosha kuanzia. Bendi za presha za saizi za watoto zitafutwe kwa nguvu, maana ya mtu mzima itakudanganya.

Mtoto akizidiwa, iwe amepona au la, kesho yake chukueni chati ya saa ishirini na nne zilizopita mkae watatu au wanne. Msitafute mkosaji. Tafuteni saa ambayo alama ilipanda, saa ya simu, saa daktari alipofika, saa dawa ilipoingia. Andikeni dakika zilizopita kati ya moja na nyingine kwenye daftari moja la wodi, na mwezi ukiisha mlifungue tena muone ni pengo lipi linajirudia. Kwetu, kwa muda mrefu, pengo kubwa lilikuwa kati ya alama kupanda na simu kupigwa.