Jibu: Tangi la petroli chini ya sitaha

Ndugu, umeuliza kama tangi la alumini la lita 80 linaweza kufungwa chini ya sitaha ya boti unayoijenga mwenyewe, na nafasi iliyobaki ijazwe povu. Povu nisingelishauri, kwani hunasa maji na kuyashikilia kwenye alumini hadi ikatoboka, nawe hutaliona tundu mpaka unuse petroli. Hatari kubwa zaidi ni mvuke: ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), ambako cheche moja ya pampu au swichi yatosha kuulipua. Kwa hiyo litenge tangi mbali na betri, lifunge kwa mikanda juu ya vipande vya mpira usionyonya maji, matundu yote ya mabomba yawe upande wa juu, na bomba la kupumulia litokee nje ya ubavu. Mdomo wa kujazia uunganishwe na tangi kwa waya, ili umeme tuli (unaojikusanya mafuta yanapotiririka) usitoe cheche. Kabla ya kutia mafuta, lijaribu kwa hewa ya psi 3 (kipimo cha shinikizo), si zaidi, ukipaka maji ya sabuni kwenye viungo. Binafsi, kwa boti ndogo, ningebaki na tangi la kubebeka, linalojazwa nchi kavu.