Maswali na Majibu: Kuchanganya Dawa za Usingizi kwa Mtoto Anayepitishiwa Katheta ya Moyo (Mrija Mwembamba Unaoingizwa Moyoni)

Kwa nini tutumie ketamini na propofoli pamoja?

Propofoli hulegeza mishipa na kushusha presha, ketamini huishikilia. Ukitanguliza ketamini miligramu 1 kwa kilo, propofoli miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, ikisukumwa taratibu, mara nyingi hutosha. Kila dawa iwe na sirinji yake. Ketamini hukaa mwilini muda mrefu kuliko propofoli, hivyo ukizichanganya kwenye sirinji moja na kuongeza kila mara, ketamini inarundikana na mtoto anachelewa kuamka.

Mtoto mwenye tetralojia ya Fallot (kasoro ya kuzaliwa: moyo una tundu na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba) aligeuka bluu baada ya propofoli peke yake. Tulikosea wapi?

Mishipa ya mwili ikilegea, damu isiyo na oksijeni huvuka tundu la moyo na kwenda mwilini bila kupita mapafuni. Mkunje magoti hadi kifuani, mpe oksijeni, maji ya mshipa mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kisha fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ya mwili, mikrogramu 5 hadi 10 kwa kilo. Msikimbilie adrenalini, hubana zaidi njia ya kwenda mapafuni. Mtoto wa namna hii aanziwe ketamini.

Tulitoa midazolamu (dawa ya kutuliza) kidogo, fentanili (dawa kali ya maumivu) kidogo, na bado pumzi ilikatika. Kwa nini?

Dawa hizi mbili zikikutana, nguvu yake huzidi jumla ya dozi zake. Midazolamu iwe miligramu 0.05 kwa kilo. Subirini dakika 3 hadi 5 kabla ya kuongeza chochote. Fentanili isizidi mikrogramu 1 kwa kilo, polepole, maana ikisukumwa haraka kifua hukakamaa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huchelewa kuonyesha hatari mtoto akiwa kwenye oksijeni, kwa hiyo tumieni kapnografi, kipimo cha hewa ukaa kwenye pumzi, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi tu. Hewa ukaa ikipanda, mishipa ya mapafu hubana, na mwenye presha ya mapafu anaweza kufa hapo hapo. Naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya fentanili, iwe mezani, lakini huisha nguvu mapema; endeleeni kumwangalia mtoto.

Na deksmedetomidini, dawa nyingine ya kutuliza, je?

Haikandamizi sana pumzi, na hukausha mate ya ketamini. Mikrogramu 1 kwa kilo iingie kwa dakika 10, kwani hupunguza mapigo. Kama daktari anachunguza njia za umeme ndani ya moyo, iacheni.

Mimi ni mama. Nimnyime mwanangu chakula tangu jioni?

Hapana, mama. Aache chakula na maziwa ya kopo masaa 6 kabla ya kuanza, maziwa yako masaa 4, maji matupu masaa 2. Mtoto wa bluu ana damu nzito. Akikaukiwa maji inaweza kuganda. Omba awe wa kwanza kwenye orodha.