Rami moja moja ni nzima, zikikaa zote nne kompyuta inazima

Swali: Shikamoo fundi. Nina studio ndogo ya kuhariri video za harusi na send-off hapa Buzuruga, Mwanza. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 3600 kwenye mazabodi ya B450. Nilikuwa na rami mbili za GB 8, DDR4 ya 3200, nikaovakloki prosesa (nikaipandisha mwendo kupita wa kiwandani) hadi 4.2 GHz na mashine ikatulia kabisa. Mwezi uliopita nimeagiza Dar rami nyingine mbili za GB 8, za mtumba, zimeandikwa 3600. Nikachomeka zote nne, nikawasha XMP na kuchagua 3600. Tangu hapo siku nyingine inawaka na kuzima mara mbili tatu ndipo ifunguke, na nikianza kutoa video ndefu inaleta skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT. Fundi wa huku amepima rami moja moja, anasema zote nzima. Je, mazabodi imekufa? Niongeze volti?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Sioni dalili ya mazabodi kufa, na volti usiiguse kwanza. Fundi wako huenda yuko sahihi kabisa kwamba kila rami ni nzima. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzipima hizo nne kwa pamoja kabla yako.

Namba ya 3600 kwenye stika si mwendo wa kawaida wa rami hiyo. DDR4 ukiiwasha bila kugusa kitu huanza taratibu, mara nyingi 2133, 2400 au 2666, kwa volti 1.2. Hiyo 3600 ni mwendo ambao kiwanda kiliujaribu kwa seti iliyouzwa pamoja, kwa volti kubwa zaidi, kwa kawaida 1.35, kisha kikauandika kwenye chipu ndogo iliyo juu ya rami yenyewe. Unapowasha XMP unaiambia mazabodi isome maandishi hayo na kuyafuata. Kwa hiyo XMP yenyewe ni ovakloki tayari, hata kama imewekwa kitufe kimoja tu. Wewe umechukua mwendo wa seti moja ukaulazimisha kwenye seti mbili, moja ikiwa ya 3200.

Halafu kuna idadi. AMD kwa prosesa yako wanaahidi 3200 ukiwa na rami mbili. Ukijaza sloti zote nne kwa rami zilizoandikwa 1Rx8 kwenye stika (safu moja ya chipu) ahadi inashuka hadi 2933, na zikiwa 2Rx8 (safu mbili) inashuka hadi 2667. Sababu ni kwamba rami mbili za upande mmoja zinatumia njia zilezile za umeme kwenda kwenye prosesa. Kila unayoongeza inaongeza mzigo na kuchafua mawimbi, na mwendo ukiwa mkubwa uchafu huo ndio unaogeuka makosa. Wapo wanaovuka namba hizo, lakini hakuna aliyekuahidi.

Kule kuwaka na kuzima mara mbili tatu ni mazabodi ikijaribu kuelewana na rami. Ikishindwa mara kadhaa, nyingi hurudi zenyewe kwenye mwendo wa chini ili ufungue kompyuta. Fungua Task Manager, nenda Performance kisha Memory, uangalie Speed. Sitashangaa ukikuta siku ambazo mashine imetulia ndizo siku inazokimbia kwa 2133 bila wewe kujua. (Ukitumia programu ya CPU-Z, namba inayoonyesha ni nusu: 1600 maana yake ni 3200. Watu wengi hudhani wameibiwa.)

Kabla ya kugusa chochote, usifute kadi za kamera. Hili nalisisitiza kuliko yote. Rami yenye makosa si lazima ilete skrini ya bluu. Inaweza kubadilisha kipande kidogo cha data wakati unanakili kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, faili likaandikwa likiwa limeharibika na Windows isiseme lolote. Harusi ya mtu hairudiwi. Zile ulizonakili tangu ulipoweka rami mpya, zifungue uziangalie mwanzo hadi mwisho, na kama kadi bado zipo, nakili upya tatizo likishaisha.

Sasa kazi yenyewe. Ondoa ovakloki ya prosesa, kisha rudisha bayosi (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) kwenye mpangilio wa kiwandani. Ukishindwa kuingia, chomoa umeme kabisa, toa ile betri ya CR2032 kwa dakika chache, uirudishe. Rami zikiwa nje, angalia meno yake ya dhahabu chini ya mwanga. Za mtumba mara nyingi zina utando wa vumbi na mafuta ya vidole: pangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti safi ya isopropili, subiri ikauke. Zirudishe ukisikia zimebana pande zote. Zipange seti kwa seti: za zamani kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, mpya kwenye ya kwanza na ya tatu.

Weka MemTest86, programu ya kupima rami, kwenye flashi, uwashe kompyuta kutokea humo, iache ipite mizunguko yote minne. Kwa GB 32 ni kazi ya usiku mzima. Hata kosa moja ni kushindwa. Usikubali kuambiwa makosa mawili ni kidogo. Likitokea kwenye mwendo huu wa kawaida, pima rami moja moja kwenye sloti ya pili: inayokosea peke yake ni mbovu, irudishe kwa aliyekuuzia. Zikipita zote hapo lakini kila moja ikakosea ukiihamishia sloti fulani, basi tazama sloti hiyo na pini za prosesa.

Zikipita, pandisha bayosi hadi toleo jipya, kwa sababu matoleo ya AGESA, msimbo wa AMD ulio ndani ya bayosi, yameboresha sana uelewano wa rami kwenye mazabodi za AM4 kama yako. Fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka.

Kisha achana na XMP, weka mwenyewe kwa mkono. Anza 2933, volti ya rami 1.35, taimingi (muda rami inaopewa kujibu) 18-22-22-42, Command Rate 2T, Gear Down Mode ikiwa imewashwa. Volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayoongoza rami, iache kati ya 1.05 na 1.1. Hizi ni za DDR4 tu. Mwenye DDR5 asizinakili. Ikitulia, jaribu 3200. Isipotulia, shuka 2667 wala usione umepoteza.

Unapopima ndani ya Windows kwa programu za OCCT au TestMem5, pima saa nane mchana, keisi ikiwa imefungwa na kadi ya picha ikifanya kazi. Rami inayopita alfajiri kukiwa bado na ubaridi inaweza kukosea chumba kikipata joto, na wewe hutoi video alfajiri. Feni moja inayopuliza kuelekea rami inasaidia kuliko volti ya ziada.

Prosesa iache mwisho, na kwa maoni yangu iache kabisa. Ryzen 5 3600 inafika 4.2 GHz yenyewe kazi ikiwa nyepesi. Kuifunga hapo kwenye viini vyote kunakupa faida ndogo wakati wa kutoa video, na kunafanya usijue kosa likitokea limetoka kwa nani.

Ukiona rami zako zinapata mnunuzi, ziuze zote nne ununue seti moja ya GB 16 mara mbili, ya 3200. Kwa kazi yako ya video GB 32 kwa 3200 zinatosha, na sloti mbili zinabaki wazi. Za seva hata zikiwa bei ya kutupa usichukue, kwani zile za aina ya Registered mazabodi yako haiziwashi. Kabla ya kununua, ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza mazabodi yako, utafute orodha ya rami walizozipima, ulinganishe namba ya modeli herufi kwa herufi.

Ikikosea hata kwa 2667, niandikie tena ukiwa na picha za stika zote nne, jina kamili la mazabodi na toleo la bayosi.